Tulivyosafisha jaa la taka ili mheshimiwa aje atupandishie ada

Wakuu, salamu kutoka Kitale, mahali mahindi yanamea vizuri na taka inamea vizuri zaidi.

Haya nayaandika vile yalitokea, chumvi sijaongeza. Jina la ofisi nimeliacha nje kwa sababu bado napita kwa lile geti, na mwenye geti anajua kusoma.

Mimi ni mtu wa Kamukuywa lakini kazi yangu iko Kitale. Nina pikapu kuukuu, nabeba taka za vinyozi, hoteli ndogo na vibanda vya sokoni, napeleka jaani. Hiyo pikapu ndiyo inasomesha watoto wangu. Nikiwaambia wageni kwamba niko kwa sekta ya mazingira, mke wangu hucheka mpaka anashika ukuta.

Sasa tukasikia ada za jaa zinabadilishwa.

Zamani ulilipa kulingana na ukubwa wa gari. Mapendekezo mapya yalisema gari ni gari. Yaani pikapu yangu, ambayo ikipanda mlima huwa naiombea, ilipe sawa na lori kubwa la kubeba kokoto. Niliona wazi kwamba hiyo ikipita, nitakuwa nafanyia geti kazi, si watoto.

Sheria inasema lazima kuwe na public participation, yaani wananchi waitwe watoe maoni kwanza. Sisi wenye pikapu tukakutana kwa kibanda cha chai, kila mtu na hasira zake, tukakubaliana jambo ambalo hadi leo naona lilikuwa la akili kabisa. Kikao kisifanyike kwenye ukumbi. Kifanyike palepale jaani. Mheshimiwa wa kaunti aliyeleta mapendekezo aje mwenyewe aone matope tunayokwama, avute ule moshi, halafu atuambie hiyo ada ni ya huduma gani.

Afisa wa taka ni kijana mpole, nitamwita Simiyu. Alikubali haraka sana. Hapo ndipo tungeshtuka.

Siku chache kabla ya kikao akatupigia simu. Mgeni mkubwa anakuja, ataketi wapi? Hema litasimama wapi? Akaomba, kwa heshima zote, tumsaidie kuondoa taka ya pale mbele. Kwa muda tu. Kikao kikiisha itarudi.

Wakuu, huo ndio ugonjwa wetu watu wa huku. Mgeni akitajwa, akili inaenda likizo na mikono inabaki kazini. Hata kama mgeni amekuja kuchukua ng'ombe wako, lazima akute boma limefagiwa na chai iko kwa jiko. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali. Tulibeba taka kutoka asubuhi mpaka migongo ikakataa. Wale akina mama wanaoishi karibu na jaa, ambao wamelalamikia harufu miaka na miaka, walikuja na mafagio yao wenyewe. Mmoja alileta maua kwenye mkebe wa rangi.

Na ile taka? Tuligawana. Kila mtu ahifadhi sehemu yake kwa ploti yake. Yangu niliimwaga kando ya nyumba, pale nilipopanga kujenga vyumba vya kukodisha. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza hiyo ni nini. Nikamwambia asijali, ni mali ya serikali, imekuja tu kulala.

Siku ya kikao palipendeza. Changarawe imemwagwa, hema jeupe, viti vimevalishwa vitambaa. Tukaomba, tukaimba, tukagawiwa soda. Mheshimiwa akashuka kwa gari, akavuta hewa safi, akatabasamu.

"Niliambiwa hapa kuna shida ya taka," akasema. "Mimi naona mahali pa kufanyia harusi."

Watu wakacheka. Akaendelea kusema kwamba huduma ya kiwango hiki haiwezi kutolewa kwa bei ya zamani. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Mtu akisifu boma lako, utafanya nini?

Mwenzetu Barasa ndiye alijikaza akasimama. Akasema pikapu haiwezi kulipa kama lori, tena barabara ni mbovu na jaa limejaa. Mheshimiwa akamwambia aonyeshe ni wapi limejaa. Barasa akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Ushahidi wake wote ulikuwa nyumbani kwake ukinuka. Akaketi.

Ada ikapita bila mtu mwingine kupinga.

Mvua ikanyesha wiki hiyo. Ule mzigo wa serikali ulianza kutoa maji meusi yakielekea kwa jirani, na jirani wangu si mtu wa kunyamaza. Mke wangu naye akaniambia, "Baba Mercy, mgeni wako amelala vya kutosha." Nikapakia nikaenda.

Getini nikamkuta Simiyu mwenyewe, na mashine mpya ya kutoa risiti.

"Hii ni ile taka yenu," nikamwambia.

"Najua, mzee wangu. Lakini system inajua tu taka inaingia. Haijui kama ilitoka hapa."

Nililipa bei ya lori ili nirudishe taka mahali nilipoitoa mimi mwenyewe bure. Nyuma yangu Barasa alikuwa kwa foleni na yake. Niliketi kwa usukani nikasikia machozi yananijia, na si kwa sababu ya moshi. Kuanzia hapo nikaanza kuacha wateja wadogo, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hawangeweza kulipa nyongeza. Taka zao sasa ziko kwa mtaro. Mtaro hauna geti.

Halafu, wakuu, Simiyu akapiga tena.

Sifa za jaa letu zilikuwa zimefika Bungoma. Wakubwa wa huko walikuwa wanakuja benchmarking, waone vile Kitale imeweza, kabla hawajaweka ada zao. Je, tungeweza kusaidia kidogo kama ile siku?

Tukamwambia hakuna shida, tutakuja.

Na tulikuja, mapema, pikapu zote zikiwa zimejaa. Tukapanga foleni getini kama watu wenye adabu, kila mtu akingoja kulipa. Hatukugusa fagio. Wale akina mama pia tulikuwa tumewaeleza, wakabaki majumbani mwao.

Basi la wageni likakwama nyuma yetu kwenye matope. Wakashuka wakatembea, leso puani. Kati yao kulikuwa na mama mmoja wa viatu vyeupe. Alifika getini viatu vikiwa na rangi nyingine, akasimama karibu na pikapu yangu, akamuuliza Simiyu pikapu inalipa kiasi gani na lori linalipa kiasi gani. Simiyu akasema ni sawa.

"Kwa nini?" mama akauliza.

Simiyu alizungusha macho akitafuta yale maua. Mkebe ulikuwa umeshaibwa.

Juzi shemeji yangu Wekesa, anayefanya kazi kama yangu kule Bungoma mjini, amenipigia akicheka mpaka anakohoa.

"Shemeji, huku mambo iko sawa. Pikapu inalipa ya pikapu, rori inalipa ya rori. Ati walijifunza Kitale. Asanteni sana, bana."

Na sisi? Yetu "inaangaliwa". Simiyu anasema mheshimiwa ameguswa na malalamiko, kwa hiyo atakuja tena jaani kujionea mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki tu. Mtu akija kuona shida yako, mwonyeshe shida kwanza, kiti baadaye.

Lakini nawajua watu wangu. Jana nimepita pale karibu na jaa, na yule mama wa maua alikuwa amepata mkebe mwingine. Nikarudi nyumbani nikafungia fagio letu kwa kebini ya pikapu. Mke wangu amelitafuta tangu asubuhi.

Haya, nyinyi mlioko kaunti zingine, kwenu mnalipishwaje jaani? Mwageni hapa, hapa ni bure. Na Simiyu, kama unasoma, wewe pia changia. Si unajua ile taka ilitoka wapi?