Nyayo za Bwanausi

Mume wangu Bwanausi hakuvua wala hakulima. Enzi hizo za Mwingereza kazi yake ilikuwa gofu. Alianza kwa kuwabebea Wazungu mifuko ya fimbo, kisha akawa mchezaji mwenyewe, akizunguka na mashindano ya wabeba mifuko kwenye viwanja vya Wazungu wa mashamba ya mkonge, leo Morogoro, kesho Korogwe. Bingwa hakuwa. Alizoea kushika nafasi ya nne, akapewa birika, na mabirika mimi nilikuwa nayo tele.

Huko mashambani shimo la mpira lilizungukwa si na nyasi bali na mchanga uliomwagiwa mafuta usipeperuke. Mchezaji akimaliza kupiga, huburuta gunia akirudi kinyumenyume na kufuta nyayo zake, ili anayefuata akute mchanga uko sawa. Mazoea hayo Bwanausi alikuja nayo mpaka kwetu Dunda. Kila akivuka ua, alishika ufagio akafuta alipokanyaga.

Jirani yangu Mwanaharusi akaninong'oneza kwamba mume wangu anaogopa watu wasije wakauchukua mchanga wa nyayo zake wakamroga.

"Wamroge tu," nikamjibu. "Pengine atakaa nyumbani."

Baada ya Idi alirudi kutoka Tanga, na birika jingine mkononi. Akaliweka barazani, akauendea ufagio. Nikamnyang'anya.

"Leo hufuti, bwana," nikamwambia. "Ziache hizo nyayo, watu waone kuwa nyumba hii ina mwanamume."