Nilirudi kazini na kiuno kibovu na sonona, kidogo niponzwe na kula peke yangu

Wakuu, heshima zenu.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi humu. Juzi niliona ndugu mmoja anauliza kama mtu mwenye sonona na maumivu ya mgongo yasiyoisha anaweza kurudi kazini. Nilianza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona lipate uzi wake.

Nitaeleza yaliyonipata mimi tu. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Mimi ni fundi mashine katika CPU ya kikundi chetu cha wakulima, huku milimani Mbinga, upande wa Mpepai. Wale wa kompyuta msishtuke. Kwetu CPU ni kiwanda kidogo ambako kahawa mbivu inamenywa, inaoshwa na kuanikwa.

Elimu yangu ni darasa la saba. Mashine nilijifunza kwa kuifungua na kuifunga, na kwa kusoma kitabu chake huku kamusi ikiwa pembeni.

Msimu wa mwaka juzi tulikuwa tunahamisha mota. Mwenzetu mmoja akateleza, uzito wote ukaja kwangu. Nilisikia kitu kikikatika kiunoni, ingawa baadaye nilielezwa kwamba hakuna kilichokatika. Picha iliyopigwa Songea ilionyesha pingili za mgongo zimebana mshipa wa fahamu. Nikapewa dawa, mazoezi na maelekezo ya kupumzika.

Nilipumzika. Maumivu hayakupumzika.

Mtu ambaye hajaumwa muda mrefu anafikiri shida ni kule kuuma. Kuuma unakuzoea kiasi. Shida ni kwamba kila jambo dogo linataka mpango: kuvaa kiatu, kupiga chafya, kugeuka kitandani. Ukipanga hivyo mchana kutwa, akili inachoka kabla ya mwili.

Kwetu tunalima ngoro, yaani mashimo ya mraba tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo. Mwanaume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari, mwanamke anayafunika kwa udongo. Mwaka ule majani ya shamba letu yalilazwa na shemeji yangu. Mimi nilikaa mlangoni namwangalia. Hakuna aliyenisema. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Baadaye moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu. Nimekaa tu, mara mikono inalowa jasho, kifua kinabana, naona kama nakufa. Nikaenda hospitali nikiwa na uhakika kwamba ni moyo. Wakapima, wakakuta mzima.

Wakuu, nilikasirika. Nilitaka wakute kitu.

Tabibu, dada mmoja mtulivu, akaniuliza, "Baba, mara ya mwisho kucheka ni lini?"

Nikafikiri. Nikaendelea kufikiri, mpaka akaniambia, "Basi, acha. Jibu nimelipata."

Alinieleza kwamba nina sonona, na juu yake nina wasiwasi uliopitiliza, na kwamba hivyo viwili na maumivu vinasukumana kama watu watatu kwenye mlango mmoja. Akanipa dawa na kunipangia kurudi kwake kuzungumza. Nilirudi. Sitataja dawa hapa, maana kuna watu humu wakisoma jina la dawa wanakwenda kuinunua.

Dada yangu ameolewa Mbamba Bay. Akapiga simu: "Teremka huku ziwani, huko kwenu baridi ndiyo inakukunja." Sikuamini habari ya baridi, lakini niliteremka.

Yeye anaanika usipa, wale samaki wadogo wa Nyasa, juu ya vichanja vinavyofika kiunoni. Siku za kwanza nilikuwa nalala tu. Asubuhi moja akasimama mlangoni.

"Wewe, kinachouma ni nini?"

"Kiuno, dada."

"Na mikono nayo?"

"Mikono haina tatizo."

"Basi mikono ije igeuze usipa. Kiuno kibaki kimelala."

Nikacheka kidogo. Nikatoka.

Pale kwenye kichanja niligundua jambo ambalo kukaa nyumbani hakukunionyesha. Nikisimama na kuhamisha uzito mguu huu na huu, maumivu yanatulia mahali pake. Nikitembea, vilevile. Kiti cha kawaida nakivumilia kwa muda. Kitu kimoja tu sikiwezi kabisa: kukaa chini. Nikikaa chini, siinuki bila kushikwa na mtu.

Shikeni hilo, ndilo lililonitia matatani.

Kahawa ilipoanza kuiva, mwenyekiti wa kikundi akanipigia. Ni mzee wa haki, hazunguki.

"Fundi, unakuja au nitafute mtu?"

"Shikamoo, mzee. Nakuja."

"Marahaba. Njoo. Ila nikwambie ukweli, kamati imegawanyika. Wengine wanasema wewe umekwisha. Nimewaambia uanze, halafu wenzako wa pale mashineni ndio waseme kama unafaa. Wakikataa, mimi sina la kufanya."

Kwa hiyo nafasi yangu ilikuwa mikononi mwa wenzangu. Na kwangu ile haikuwa ajira tu. Nilikuwa nimeshapoteza kazi ya shamba, usingizi na kicheko. Nikikataliwa na mashine, sikujua ningeamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Siku ya kwanza mashine ilipowashwa, moyo ukaondoka nayo. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji, nikashika ukuta, nikavuta pumzi taratibu kama nilivyofundishwa. Ikapita. Nikarudi. Kesho yake ikaja tena, fupi zaidi.

Kazi yenyewe niliimudu. Vifaa vyote nilivipandisha kwenye rafu ya usawa wa kiuno. Vya kunyanyua nilimwachia Kandidus, mwenzangu wa mashineni, kijana wa makamo mwenye mabega ya kubeba mlango.

Tatizo lilikuja na chakula.

Wasiotoka huku wanisikilize kidogo. Wamatengo tuna kitu kinaitwa sengu. Zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja mahali pamoja, na hapohapo mambo ya ukoo yalizungumzwa. Siku hizi majumbani imepungua, lakini pale CPU kivuli chake kipo. Mama Benedikta anapika ugali na maharage, anaweka sinia chini kwenye turubai, wote tunakaa kulizunguka, wanaume kwa wanawake. Asiyefika anaulizwa.

Mimi siku ya kwanza nikasema nimeshiba. Siku ya pili nikasema kuna bomba linavuja. Baada ya hapo nikaanza kuja na viazi vyangu kwenye kontena, nakula nimesimama nyuma ya chumba cha mashine.

Ningeweza kusema, "Siwezi kukaa chini." Ni maneno matatu. Lakini kichwani mwangu niliyasikia yakifika kwenye kamati: fundi hawezi hata kukaa. Methali ya mficha maradhi naijua tangu shule, na bado nikaficha.

Hali ya hewa ikabadilika. Nikifika, mazungumzo yanakatika. Nikiomba spana, naletewa bila neno. Mama Benedikta, ambaye zamani aliniita shemeji na kunitania siku nzima, akaanza kuniita "fundi" kama mkaguzi kutoka wilayani. Nami, kwa ugonjwa nilionao, nikahitimisha kwamba wameona siwezi kazi. Usingizi ukaondoka tena. Nilishaanza kumwandaa mke wangu kwamba huenda sitamaliza msimu.

Mke wangu akaniuliza, "Wamekwambia?"

"Hawajasema."

"Basi subiri waseme. Wewe unawasemea."

Siku moja mchana, nikiwa nyuma ya chumba cha mashine na kontena langu, Kandidus akanifuata. Mikono alikuwa hajanawa, ina maji ya kahawa mpaka kwenye viwiko.

"Fundi, mwenyekiti anakuja kesho kutuuliza habari zako."

"Najua."

"Kabla hatujamjibu, nikuulize. Chakula chetu kina nini?"

"Hakina kitu."

"Basi sisi ndio tuna kitu."

Sikumwelewa. Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mama Benedikta analia, unajua? Anasema uliumia hapa, ukaondoka, umerudi na chakula chako mkononi. Maana yake unasema tulikutengeneza. Unasema mmoja wetu ni mchawi. Na mimi ndiye niliyeteleza siku ile ya mota, kwa hiyo mchawi mwenyewe ni mimi."

Wakuu, sikuwahi kufikiria hivyo hata mara moja. Mimi nilikuwa nalinda aibu yangu, wao wakahesabu ni tuhuma. Mtu wa huku anayetoka kuumwa na kukataa sinia la wenzake hahitaji kusema neno lingine.

Nikamwambia, "Kandidus, siwezi kukaa chini."

"Chini wapi?"

"Chini pale. Nikikaa siinuki. Lazima mtu anishike. Naona aibu."

Alinitazama. Halafu akageuka akapiga kelele upande wa jikoni: "Mama Benedikta! Njoo usikie uchawi wenyewe!"

Akaja na mwiko mkononi, wengine nyuma yake. Ikabidi niseme tena mbele ya wote. Na kwa kuwa nilishaanza, nikasema na la moyo kwenda mbio, na kwamba nyuma ya tangi huwa siendi kukagua maji kama ninavyowaambia, naenda kuvuta pumzi.

Mama Benedikta akashika kiuno chake mwenyewe.

"Yaani siku zote hizi naungama kwa Padri hasira juu yako, kumbe ni kiuno?"

"Ni kiuno, shemeji."

"Na mdomo je, nao pingili zimebana?"

Walicheka. Mimi pia. Tabibu yule angeuliza tena, ningekuwa na jibu.

Kandidus alipendekeza nipewe kiti. Mama Benedikta akakataa: mtu mmoja kwenye kiti na wengine chini, huyo anakuwa mkuu wa wilaya, na sinia atalifikiaje? Wakabishana. Mimi nikawa nimesimama kama mgonjwa anayejadiliwa na madaktari.

Hatimaye Mama Benedikta akaondoka. Vile vichanja vya kuanikia kahawa, ambavyo wanawake husimama wakichambua punje mbovu, kimoja cha pembeni kilikuwa kitupu. Akatandika turubai juu yake. Akaweka sinia juu ya turubai.

"Haya. Leo wote ni wagonjwa wa kiuno."

Tukala tumesimama. Kandidus akalalamika kwamba ugali wa kusimama haushibishi, unateremka mpaka miguuni. Alikula kuliko wote.

Mwenyekiti alikuja kesho yake saa ya chakula. Akatukuta tumezunguka kichanja. Akauliza, "Hii nayo ni nini?" Mama Benedikta akamjibu, "Ndiyo majibu yetu, mzee. Nawa mikono." Akanawa.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilipona. Sijapona. Katikati ya msimu nilipata siku mbaya mfululizo, mgongo na kichwa kwa pamoja, nikashindwa kutoka kitandani. Safari hii nilipiga simu nikasema ukweli: leo siwezi, na kesho sijui. Nikarudi kliniki. Nikalala. Na ule wasiwasi ukaanza kuninong'oneza wimbo wake wa zamani, kwamba sasa wamechoka, sasa wamepata mwingine.

Nilirudi mchana, makusudi, ili niwe na muda wa kuondoka nikikuta mtu mwingine amewekwa mashineni. Nilipopanda kile kilima niliwaona kabla hawajaniona. Walikuwa wanakula.

Walikuwa wamesimama kwenye kichanja.

Mimi sikuwepo siku zote zile. Turubai la chini lilikuwepo, kavu, limekunjwa. Hakuna aliyewazuia kukaa. Na upande niliozoea kusimama, kati ya Kandidus na Mama Benedikta, walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.

Nikanawa mikono, nikaingia pale.

Nilichojifunza ni kidogo. Sikushauri umweleze kila mtu ugonjwa wako; wengine hawastahili. Lakini lile jambo moja unaloshindwa, ambalo kila siku unalitungia uongo, liseme mapema kwa wale mnaofanya nao kazi. Usiposema, watajaza wenyewe, na watajaza kwa kile wanachokiogopa. Matibabu endelea nayo, usiyaache kwa sababu umepata siku nzuri mbili tatu.

Yule ndugu aliyeuliza, kama unasoma hapa: inawezekana. Polepole, na si kama zamani.

Wenye uzoefu wa kurudi kazini na mwili au akili isiyo sawa, tuelezeni kilichowasaidia, hata kama ni kidogo kama kichanja. Na wanaosema sonona ni ya watu wa mjini nawakaribisha pia, ila tujadiliane kistaarabu.