Daktari Aliyeuliza Hali ya Mama

Habari ya kifo ilinikuta Moi's Bridge, nikibishana na mnunuzi aliyedai kuwa mahindi yangu bado yana unyevu. Mke wangu akapiga simu: "Daktari wa wamama ametuacha. Ati roho ilisimama tu, ghafla." Ubishi ukaniisha pale pale. Msomaji wangu, nimewaaga wengi katika safu hii bila kupoteza usingizi, lakini huyu amenivuruga. Mpaka ninapoandika haya sijui namlilia kama jirani, kama daktari, au kama mtu aliyejua siri ya nyumba yangu kuliko mimi mwenyewe.

Alikuwa binti wa Bungoma, na kwa miaka mingi alifanya kazi ng'ambo akiwatibu wanawake walioshuka kibofu au kizazi. Huko alipasua kwa roboti. Aliporudi akahamia mtaa wetu hapa Kitale, nami nikabisha hodi na kalamu yangu. Alinieleza kwamba daktari huketi kando akitazama ndani ya tumbo kwenye kioo, akishika vishikio viwili, na mikono myembamba ya mashine inashona ikifuata mikono yake. Mgonjwa anabaki na vidonda vidogo tu na kurudi nyumbani mapema. Kitale hakupata mashine hiyo. Alitumia kamera nyembamba ilipopatikana, na isipopatikana, mikono yake. Nikamuuliza kwa nini basi aliiacha. "Mashine inangoja mgonjwa alale kitandani," akasema. "Wagonjwa wangu bado wamekaa sokoni, wamekalia gunia." Sikumwelewa, nikaitikia kwa kichwa kama tufanyavyo waandishi. Kisha akaniomba: "Hiyo ya roboti umesikia. Si uandike pia juu ya wamama wenye wanavuja mkojo?" Nikacheka. "Daktari, bana, hii gazeti watu husoma wakikunywa chai." Yeye hakucheka. Aliniuliza tu, kama alivyoniuliza kila tulipokutana, "Mama anaendeleaje?" Nikamjibu yuko sawa. Nikaandika safu nzima kuhusu roboti, na mkanisifu sana.

Sasa niwaambie habari za mama yangu, muuza mboga wa Misikhu. Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wengi siku hizi wameliacha jambo hilo, lakini mama alilishika kwelikweli. Kila mara alikuja Kitale asubuhi, akanywa chai akiwa ameketi ukingoni mwa kiti, na kabla ya saa nane alikuwa ameshafunga leso kuondoka. Nilimsifu kwa hilo hapa hapa, kwenye safu hii, kama mlinzi wa mila. Kisha mwaka mmoja, muda mfupi baada ya kuniambia ametoka semina ya kanisa ya wiki nzima, akaja na begi na kulala kwangu siku tatu. Nilishtuka hata nikawapigia wazee kuuliza kama kuna kuku wa kuchinjwa mwiko ukivunjwa. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu, wala hakunieleza kitu.

Tulimzika daktari kwao, nje kidogo ya Kanduyi. Ulipofika wakati wa watu kusema walivyomjua marehemu, wanawake walisimama mmoja mmoja. Huyu akasema alikuwa rafiki wa familia, yule akasema waliomba pamoja, na wote waliangalia chini. Ndipo mama yangu akainuka. Sikujua hata kwamba walijuana. "Bwana asifiwe. Mimi nilikuwa navuja mkojo," alisema. "Ilianza nilipozaa huyu wa gazeti, ikazidi mwaka kwa mwaka. Nikawa nakaa mlangoni kanisani. Sokoni nakalia gunia, siinuki mpaka watu waende. Kwa mtoto wangu siwezi kulala, nitaharibu godoro yake. Huyu daktari alikuja kununua sukuma, akaona siinuki, akarudi jioni soko imeisha, akanisaidia kuinuka. Alinishona, nikakauka." Akaketi. Wale wanawake walioangalia chini wakaanza kulia kwa sauti.

Wiki ile ya semina mama alikuwa amelazwa hapa hapa Kitale, mtaa wa pili kutoka kwangu, nami nikiandika kuhusu roboti. Nimechanganyikiwa. Sijui nimkasirikie daktari aliyenitazama usoni akaniuliza hali ya mama na asiseme zaidi, au nimshukuru kwa kutosema. Tukirudi nilimuuliza mama kwa nini alinificha. "Ningekwambia aje?" akasema. "Daktari alituambia sisi wagonjwa wake tungoje, kuna mtu wa gazeti atatuandikia. Tukangoja. Halafu akasema huyo mtu alicheka." Daktari hakuwa amenitaja jina. Mama alijua tu ni nani. Akanishika mkono: "Sasa andika. Na useme ni mamako."

Safu hii haitaji majina ya watu, na leo pia haitataja. Lakini mwanamke aliyekalia gunia Misikhu ni mama yangu, na mtu aliyecheka ni mimi. Kama mama yako hakubali kulala kwako, usikimbilie kumsifu kama nilivyofanya. Muulize sababu, na usiondoke kabla hajakujibu.