Amri Aliyoijua Chepkemei Peke Yake

Siku wazee wa kina Weldon walipokuja Rongai kumposa, Chepkemei alikuwa jikoni, simu sikioni, jasho likimtoka. Si posa iliyomtoa jasho. Alimpenda Weldon, na jibu alikuwa nalo zamani. Kilichomtisha ni seva, kompyuta kuu inayotunza rekodi za wagonjwa, ya hospitali moja kule Lanet, ambako yeye ndiye fundi wa kompyuta.

Stima ilikuwa imepotea na kurudi. Rohan, mwenzake kazini, akaiwasha seva kwa kubofya tu, kama mtu anayefungulia redio. Programu ikaamka na mipangilio iliyokuja nayo, si ile ya hospitali, ikafungua hifadhi tupu isiyo na rekodi ya mgonjwa hata mmoja. Leseni ya kuitumia nayo haikuiona, ikazifungia wodi zote nje.

"Chep, iko empty! Kuna mama anaingia thieta kupasuliwa, na daktari anataka kujua ni dawa gani zinamdhuru. Nirudishe backup ya wiki jana?"

"Usiguse kitu! Huyo mama amekuja juzi, hawezi kuwa kwa hiyo backup."

Balaa hii alijitakia, wacha niseme ukweli. Faili ya mipangilio na ile ya leseni alizihifadhi kwenye folda yake, na kila mara aliiwasha seva kwa mkono wake, akiitajia zote mbili. Akiambiwa aiweke ijiwashe yenyewe, alicheka: "Kwani mimi naenda wapi?" Alipenda kuitwa. Nani hapendi?

Shangazi akachungulia mlangoni. "Njoo, unangojewa."

Kwao, wazee wakishapatana, binti huitwa aulizwe mbele ya wote kama anawajua wageni. Akikataa au akinyamaza, wageni hurudi kwao mikono mitupu. Chepkemei akaingia sebuleni na simu yake.

"Unawajua hawa watu?" akauliza Mzee Kigen, baba yake mkubwa.

"Baba, nipe dakika moja tu. Tafadhali."

Weldon akainamisha kichwa. Mama wa Weldon akavuta mkoba wake karibu, kama anayejiandaa kuondoka. Aibu ilimchoma Chepkemei, lakini akageukia ukuta.

"Rohan, izime. Sasa andika amri ya kuiwasha, uipe faili yangu ya mipangilio, ile config, halafu ile ya leseni. Zote ziko kwa folda ya jina langu."

Rohan akaandika. Wageni wakaanza kunong'onezana.

"Wamerudi!" Rohan akapaza sauti. "Wagonjwa wote! Mama anadhuriwa na penisilini, nimeshamwambia daktari."

Angeweza kukata simu hapo. Hakukata.

"Hiyo amri, iweke iwe inajiendesha yenyewe stima ikirudi."

"Eh! Na wewe tutakuwa tunakuita wa nini?"

"Iweke tu, Rohan."

Akampa shangazi simu, akamgeukia Mzee Kigen. "Nawajua," akasema, machozi yakimtiririka. Akina mama wakapiga vigelegele, wakidhani analia kwa kuwa anaondoka kwao, si kwa kuwa kule kazini hataitwa tena.