Mkono wa Thadeus na Wapigaji wa Mbali

Mkono wenyewe ulikuwa hauumi. Hilo ndilo lililomkera Thadeus Mwandoe kuliko yote, na ndilo lililomnyima hata huruma ya mke wake. Ulipasua kuni bila shida. Ulishika jembe kule kwao Sagalla, kwenye kile kishamba ambacho mvua hukipitia juu kwa juu. Kwenye shamba la mkonge alikokuwa karani wa mizani, uliandika uzito wa mizigo kutwa nzima, tena kwa mwandiko ambao msimamizi aliusifu mbele za watu. Lakini ukishika kijiti cha dramu tu, vidole viwili vya mwisho vilianza kujikunja kuelekea kiganjani, polepole, bila kuulizwa, mpaka kijiti kikamponyoka na kuanguka chini.

"Mkono unaopasua kuni ni mgonjwa wa nini?" Tryphena, mkewe, alimuuliza. Hakumuuliza kwa ubaya. Mwanamke alitaka kuelewa tu.

Ilianza Januari ya 1998, mvua za El Niño zikiwa bado zinaila barabara ya Mombasa. Wakati huo Thadeus alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa amekaa nyuma ya dramu za Ndara Sound, bendi ya harusi, harambee na sikukuu za Krismasi kutoka Maungu mpaka Mwatate. Dramu zilikuwa zake mwenyewe. Alizinunua kutoka hoteli moja ya pwani iliyofunga milango, akazipandisha Voi kwa treni ya mizigo, na tangu siku hiyo watu wakaacha kumwita karani. Wakamwita Thadeus wa Dramu. Mwanamume akishapewa jina la namna hiyo na watu wake, mnyang'anye shamba lakini jina mwachie.

Daktari wa kwanza alimpa vidonge vya maumivu, ingawa maumivu hayakuwapo. Wa pili akamwambia apunguze chumvi. Mama yake mzazi, aliyekuwa bado na nguvu za kusema, alimkumbusha kwamba babu yake alikuwa mpigaji wa mwazindika, ile ngoma ya wazee wa milimani, na kwamba Thadeus alikataa ngoma ya ngozi akakimbilia ngoma za chuma. "Sasa mkono unadaiwa," alisema. Thadeus alienda kanisani Jumapili tatu mfululizo akaombewa, ila aliomba aombewe "mambo ya nyumbani". Hakusema mkono.

Na hapa ndipo ninapotaka kumshika shati nimtikise. Thadeus hakuwa mjinga. Alikuwa na ile tabia yetu ya kuficha ugonjwa kama mtu afichavyo sahani ya nyama mgeni anapobisha hodi. Bendi nzima haikujua. Kijiti kikianguka katikati ya wimbo, alikuwa na kingine kwenye mfuko wa shati, naye alijifunza kucheka wakati huohuo ili watu wadhani ni mbwembwe.

Aliloliamini peke yake lilikuwa jarida.

Miaka ya nyuma, shule moja ya sekondari pale Voi ilipata mwalimu wa kujitolea, Mwingereza, aliyekuwa kichaa wa dramu. Mwalimu alirudi kwao mwaka wa 1993, lakini jarida lake la wapigaji dramu likaendelea kuja kwa sanduku la posta la shule miaka mitatu zaidi, maana lilikuwa limeshalipiwa. Danson, mwalimu wa hesabu na mpiga gita wa Ndara Sound, ndiye aliyekuwa akichukua barua za shule posta. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyataka, alimpa Thadeus majarida yote. Yalikuwa ishirini na tisa. Thadeus aliyaweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akayasoma na kamusi mkononi, mpaka akawajua wapigaji wa Ulaya na Marekani kuliko alivyowajua majirani. Humo alijifunza kuketi, kupumua, kukaza ngozi za plastiki. Jarida halikuwahi kumdanganya.

Basi Februari ile aliliandikia. Aliandika kwa Kiingereza cha karani, safi, bila kuficha chochote: mkono wangu wa kulia, vidole vyangu viwili, nifanye nini? Chini akaweka jina lake, na anwani ya sanduku la shule, kama ambavyo sisi sote tusio na masanduku yetu huweka. Akatia barua posta. Akangoja.

Ngojangoja huumiza matumbo, walisema. Thadeus aligundua kwamba huumiza na vidole. Kila wikendi alipiga, na kila mwezi kukunjika kule kulikuja mapema kidogo. Mwanzoni kulimjia kwenye wimbo wa nane. Kufikia Desemba kulimjia kwenye wa tatu. Alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akafunga kijiti na kidole cha kati, akavaa glavu nyeusi juu yake. Wasichana walisema glavu imempendeza.

Mwaka uliofuata, Aliya, binti wa duka la vitambaa karibu na stesheni, ambaye alikuwa na ofisi ndogo ya simu, faksi na kupiga chapa, alileta kompyuta ya kutuma imeli. Habari zilienea mji mzima. Thadeus alikumbuka kwamba jarida la mwisho kabisa lilikuwa na kijianwani nyuma, cha kundi la wapigaji dramu wanaoandikiana kwa kompyuta. Ukituma barua moja, inawafikia wote, nao wote wanaweza kukujibu. Alilidharau. Jarida lina mhariri, alijiambia, lina wataalamu, lina picha zao. Hao wa kompyuta ni nani? Mtu asiye na uso anakufundisha vipi kushika kijiti?

Miezi mingine minne ikapita hivyo. Mwezi wa Juni, kijiti kilimponyoka pamoja na tyubu na glavu, kikampiga bwana harusi mgongoni. Watu walicheka. Jumatatu yake Thadeus alikuwa amesimama mbele ya meza ya Aliya.

"Karibu, kaka Thadeus. Wataka kupiga simu?"

"Nataka kuandikia watu fulani. Ni habari za rafiki yangu. Mkono wake una shida."

Aliya alimtazama usoni, kisha akautazama mkono uliokuwa ndani ya mfuko wa suruali. Alikuwa ametoka katika nyumba ya watu waungwana, hakuuliza. "Haya, nisomee, mimi n'tachapa."

Kwa hiyo yale aliyoyaandika waziwazi kwa mhariri asiyemjua, sasa aliyasema kwa kupitia rafiki wa kubuni, kwa sababu palikuwa na msichana wa Voi anasikiliza.

Aliporudi kesho yake jioni, Aliya alimkabidhi karatasi kumi na nne. Watu ishirini na sita walikuwa wamejibu kwa siku moja! Thadeus alikaa kwenye benchi la nje akazisoma zote. Jarida lilisema kama mchungaji kwenye mimbari, mmoja anasema na wengine kimya. Hawa walikuwa soko la Voi siku ya gulio. Mmoja alisema rafiki yako abadili vijiti. Mwingine alisema huyo wa kwanza hajui lolote. Watatu waligombana wao kwa wao juu ya urefu wa kiti. Mmoja alitaka kujua kama Kenya kuna simba barabarani. Mwingine akaandika kwamba rafiki aandike mwenyewe, kwani ana nini?

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya mtu wa Kanada. Ilikuwa fupi. Thadeus aliisoma mara nyingi hivi kwamba hata leo anaweza kuisema bila kuiangalia.

"Mwambie rafiki yako aache leo. Si kesho. Mkono wenyewe ni mzima, kilichochoka ni kile kipande cha ubongo kinachoutuma, na kila akipiga anakifundisha makosa. Waliopumzika mapema, ile miezi mitatu ya kwanza, wengine nimeona wamerudi. Mimi niliendelea mwaka mzima kwa sababu niliona haya. Sasa naendesha lori la mikate. Ameanza lini?"

Thadeus alihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Ilikuwa miezi kumi na saba.

Hakumjibu yule mtu. Usiku ule aliyatoa majarida yote sandukuni, akayatandaza kitandani pamoja na zile karatasi nyepesi za Aliya, Tryphena akabaki amesimama mlangoni asijue pa kulala. Majarida yalikuwa mazito, yanang'aa, yana harufu ya wino mzuri. Karatasi zilikuwa za kuchanika, zimejaa makosa na matusi. Miezi kumi na sita alikuwa amengojea kizuri kimjibu, na jibu lilikuwa huku kwa hawa wapiga kelele, siku moja tu, kwa yeyote ambaye angeuliza. Alilia kwa sauti. Tryphena alikuja akamshika bega, na kwa mara ya kwanza Thadeus akamwambia yote.

"Basi acha," Tryphena alisema. "Acha kesho."

"Kuna kazi ya loji."

Kazi ya loji ilikuwa ndiyo ndoto ya Danson. Loji moja ya watalii ndani ya Tsavo ilitaka bendi ya kila wikendi kuanzia Oktoba, na Ndara Sound ilikuwa imekubaliwa. Thadeus aliona akisema sasa atavunja bendi nzima. Au ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba aliogopa kuamka siku moja akiwa karani tu. Akaendelea kupiga. Julai akapiga, Agosti akapiga, na vidole vikawa vinajikunja hata kabla kijiti hakijagusa ngozi.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Cha Thadeus kilikuja kwa meli, ndani ya bahasha ya kahawia, katika sanduku la posta la shule.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba alipoingia kwenye darasa walilofanyia mazoezi, Danson alikuwa peke yake. Jarida jipya lilikuwa limelala juu ya ngoma ndogo, limefunguliwa.

"Nilidhani wamekosea kulituma," Danson alisema. "Nikasema nikuletee. Nikalifungua tu kuangalia picha. Soma."

Thadeus hakuhitaji kusoma. Jina lake lilikuwa pale, T. Mwandoe, Voi, Kenya, na chini yake kila kitu alichokiandika. Jibu la mtaalamu lilikuwa na mistari mitatu: ashike kijiti kwa ulegevu, asiwe na wasiwasi, na ajaribu vijiti vinene vilivyotangazwa ukurasa wa sitini na mbili.

"Barua ya Februari mwaka jana," Danson alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimuumiza Thadeus zaidi. "Bwana Thadeus, mimi na wewe tumeanza mwaka wa themanini na saba. Ukamwambia mtu ambaye hata Voi hajui iko wapi."

"Ningekwambia ungetafuta mwingine."

"Ningetafuta, ndiyo. Wa kushikilia. Nawe ungepumzika, upone, urudi kwa kiti chako. Ulidhani ningefanya nini?"

Danson alimwomba apige kidogo, aone mwenyewe. Alipiga. Kijiti kilianguka kwenye pigo la nne, kikabingiria mpaka mlangoni, na hakuna aliyekifuata.

Danson alimpata Jaffar, kijana wa Voi aliyekuwa akipigia bendi za hoteli Mombasa. Mikono yake ilikuwa mizuri, kila mtu alisema. Shida ilikuwa moja: Jaffar hakuwa na dramu. Danson alipanda Sagalla mwenyewe kuziomba, akakaa, akanywa chai, akashindwa kutaja kilichomleta mpaka Tryphena alipomwuliza.

"Zichukueni," Thadeus alisema. "Nitakuja nazo mimi. Hamjui kuzifunga."

Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza ya Oktoba alikuwa ndani ya ukumbi wa loji saa tisa mchana, anakaza miguu ya matoazi kwa mkono uleule wa kulia, ambao kwa kazi ya spana haukuwa na ubishi wowote. Jaffar alifika akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, akamsalimia kwa heshima. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za mkono. Alishusha kiti, akasogeza toazi karibu, akapiga mapigo machache, naye Thadeus alilazimika kukubali moyoni kwamba kijana anajua.

"Mzee," Jaffar alisema, akishuka, "hebu kaa hapa unipigie kidogo. Nataka niende kule nyuma nisikie zinavyotoka."

Ni ombi la kawaida. Kila mpigaji huliomba kwenye ukumbi mgeni. Danson alikuwa hatua tatu kutoka pale na gita lake, akageuka akaanza kukaza nyuzi zilizokuwa zimeshakazwa.

Thadeus aliketi. Kiti kilikuwa chini mno kwake. Alichukua kijiti kimoja kwa mkono wa kushoto, akaweka wa kulia juu ya paja, akapiga. Mguu ulijua kazi yake, na ngoma kubwa ikaitika vizuri ukumbini. Jaffar alikuwa ameshafika kwenye meza za nyuma kabisa, akisikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Vizuri, mzee!" alipaza sauti kutoka kule. "Sasa na wa kulia!"

Thadeus aliendelea na wa kushoto.

"Na wa kulia, mzee!"