Chuo Chenye Feni za Chini

Mjomba wangu ana duka la vitenge Kariakoo, na alipochoka kukaa kaunta aliniita akanipa sharti moja. "Kasome uhasibu jioni, duka ulishike wewe. Ila ukirudi na chama, hata mlangoni pangu usisimame." Alikuwa na sababu. Binamu yangu alienda chuo mpole kama maji ya mtungi, akarudi anahutubia. Mama mmoja alikuja kununua doti mbili, akapewa siasa mpaka adhana ya alasiri, akahamia duka la jirani.

Basi nikaanza kutafuta chuo kisicho na homa ya siasa. Kipimo changu kilikuwa kofia mbili za vyama viwili hasimu, nilizogawiwa kwenye mikutano ya Mnazi Mmoja, maana mimi kofia ya bure siikatai. Chuo cha kwanza niliingia na moja, nikapokewa kama bwana harusi. Sijauliza hata ada, nimeshakuwa mweka hazina wa tawi. Kesho yake nikarudi na ile nyingine. Watu walewale wakaniangalia kana kwamba nimekuja kukata umeme. Chuo cha pili mambo yakawa yaleyale, ila kofia zilibadilishana bahati.

Cha tatu kilikuwa Gerezani, ghorofani, juu ya mafundi wa magari. Mlinzi akanizuia kwenye ngazi.

"Vua kofia, kaka. Feni ziko chini."

Nikamuuliza wanaovua ni wa chama gani.

"Wote. Jana feni ilikula ya mkuu wa chuo."

Ndani mabishano yalikuwepo, tena ya moto. Wakati wa mapumziko nilimkuta kaka muuza viatu na dada wa saluni wakigombania nchi juu ya sahani moja ya chipsi mayai.

"Dada, chama chako kimeishiwa. Sogeza kachumbari."

"Iliyoishiwa ni akili yako. Shika, na kijiti changu uniachie."

Wakamaliza sahani, wakaazimana madaftari, wakarudi kwenye hesabu. Nikajiandikisha jioni ileile. Kofia zangu leo zinashikia sufuria za moto.

Siku ya mahafali mjomba alikuja kunikagua. Huyohuyo asiyetaka chama alipanda ngazi na kofia ya chama kichwani. Mlinzi akamwambia avue. Mjomba akajibu ni ya kukinga jua tu. Jua lilikuwa limeshazama. Alipopanda jukwaani tupige picha, feni ikaichukua, ikaizungusha Dar es Salaam nzima, ikaitua mapajani mwa dada wa saluni, ambaye ni wa upande wa pili. Nikaliona duka linaondoka.

Dada akaikung'uta vumbi, akampelekea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Kofia yako hii. Mshono wake mzuri."

"Marahaba, mwanangu."

Mjomba akaitia mfukoni polepole, na mkono ukatoka na funguo za duka. Akanikabidhi bila kuniuliza chama, akamwonyesha dada kwa kidevu.

"Kesho uanze na mteja huyu. Mpunguzie bei."