Mama Hajasema

Nilipoinuka kwenda kwenye meza ya Bwana, benchi lilibaki limelowa. Ulikuwa mkojo, niutaje tu. Kanga nilizojifunga kwa ndani hazikutosha. Mama aliyekaa pembeni yangu akamvuta mwanawe, akanong'ona kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia, "Sogea huku, utalowa." Nyuma mtu akacheka. Mama yake mume wangu, na wakati huo walikuwa wameshanifukuza, alikuwa mbele pamoja na akina mama wa kwaya. Akageuka, akanitazama, akawaambia wenzake, "Mnaona sasa kwa nini tulimrudisha kwao?"

Mezani sikufika. Nilitokea mlango wa pembeni nikajificha kwenye migomba mpaka watu walipotawanyika.

Mimi niliishia darasa la nne, maneno ya kupamba sina. Naeleza yalivyokuwa.

Niliolewa nikiwa binti mdogo, kwenye boma upande wa magharibi wa Mlima Meru. Mimba ilipokuwa kubwa, mama mkwe alinikatia chakula. Kwetu wamama waliamini kwamba mjamzito akila vizuri, mtoto ananenepa anagoma kutoka. Maziwa hapana, nyama hapana, loshoro ndiyo kabisa, na harufu ya yale mahindi na maziwa ya mgando ilikuwa inanifuata mpaka kitandani. Nilipewa uji mwepesi kama maji. Akihisi nimekula kwa siri, ananinywesha dawa chungu nitapike. Mawifi zangu walikuwa wananitania, "Unataka kutuzalia ndama?" Na mimi nacheka nao, mjinga.

Basi uchungu ulipoanza sikuwa na nguvu ya kusukuma hata mlango. Jua likazama, likachomoza, likazama tena. Jirani mmoja alikuwa na pikapu ya kupeleka kabichi sokoni. Alikuja mwenyewe, hakuitwa. Nilimsikia akisema, "Tumpakie, kabichi nitashusha." Mume wangu alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Akajibu, "Ngoja kwanza. Mama hajasema."

Mama yake akatoka. "Mimi nimezaa wote hawa, nani alinipakia kwenye gari? Avumilie."

Jirani akaondoka na kabichi zake.

Mama alipokuja kusema, mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Kichwa chake kilikuwa kimenikandamiza muda mrefu mpaka kibofu kikatoboka. Hilo nimeambiwa miaka mingi baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mkojo unatoka wenyewe, nikiwa nimelala, nikiwa nimesimama. Mume wangu alihamia chumba kingine, halafu akanirudisha kwa baba yangu, na kabla mahindi hayajavunwa alikuwa ameoa mwingine.

Nilikaa hivyo mpaka nywele zikaanza mvi. Nesi mmoja ndiye aliyenikuta kwa baba yangu, akaniambia huu ni ugonjwa, unatibika. Nikapasuliwa mjini. Nikakauka.

Siku hizi nesi huyo anawafundisha vijana wa kipaimara kule Elerai, wasichana na wavulana pamoja, habari za mimba, kliniki, na nani ana haki ya kuamua. Ananichukua niwaeleze yangu. Mpaka leo nasimama karibu na mlango. Mpaka leo, kabla sijaingia, napapasa sketi kwa nyuma.

Jumamosi iliyopita msichana mmoja alinyoosha mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Gari si lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Na mume wako?"

"Alikuwepo."

Mvulana mmoja akadakia, "Sasa yeye hakuwa na mdomo mpaka mama aseme? Mtoto wa mama huyo!" Darasa likacheka. Yule msichana hakucheka. "Lakini kwa nini, mama?"

Nikamjibu, "Ni mambo ya zamani hayo, wanangu."

Akainamisha kichwa. "Dada yangu ana mimba kubwa sasa hivi. Mama mkwe wake amemkataza maziwa. Shemeji anasema hawezi kumbishia mama yake."

Nesi alimshika mkono, wakatoka kwenda kupanga namna ya kwenda kwa huyo dada. Mimi nilibaki nimesimama na aibu kubwa kuliko ile ya kanisani. Kanisani mwili ndio ulinivua nguo. Hapa nilikuwa nimewafunika walionitenda. Zamani haikuninyima maziwa. Alininyima mama mkwe wangu. Zamani haikukaa kwenye kigoda gari likaondoka. Alikaa mume wangu.

Nawe uliyekaa kwenye kigoda, mama yako tumemzika, hakuna wa kumwita. Wewe upo. Wewe sasa ni mzee wa kanisa, unawekwa kiti cha mbele, unawaasa maharusi. Jumamosi njoo Elerai. Sikuombi unijibu mimi. Msichana ameuliza kwa nini, na dada yake bado hajajifungua. Simama mbele ya wale watoto, kwa mdomo wako mwenyewe, uwaambie kwa nini hukunipakia.